Kiswahili Kipo Maskati, Lakini Maskati si Kwetu

Watu wakisikia naishi Oman huniambia maneno yaleyale: una bahati, umekwenda kwa ndugu zako. Wanamaanisha Waomani wanaosema Kiswahili, misikiti kila mtaa, kofia za kudarizi, mandazi asubuhi na mishikaki usiku. Yote hayo yapo. Hata majina ya koo kwenye vibao vya maduka ya Ruwi, mtaa wa hapa Maskati, ni yaleyale niliyozoea kuyasikia Unguja, Pemba na kwetu Tanga. Lakini kwa miaka niliyokaa hapa nikiingia majumba ya watu kutengeneza viyoyozi, nimeona kwamba mgeni aliyekwenda nchi isiyofanana na kwao hata kidogo ana kazi nyepesi kuliko yangu. Yule anajua kwamba hajui, kwa hiyo anauliza, anatazama, anangoja aonyeshwe. Sisi wa pwani tukishasikia "Karibu, za safari?" pale uwanja wa ndege tunajiona tumefika nyumbani, na mtu aliyefika nyumbani haulizi kitu.

Kiswahili hiki kina historia yake. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, akafariki mwaka 1856, na mwaka 1861 Oman na Zanzibar zikatenganishwa kuwa tawala mbili. Watu hawakutengana. Waliendelea kwenda na kurudi, wengine wakaingia bara hadi Tabora, Ujiji, Burundi na Kongo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi walikimbia, na Sultan Qaboos alipochukua utawala mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi waijenge nchi. Wakati huo Oman nzima ilikuwa na shule za serikali 3 tu. Waliorudi kutoka Afrika Mashariki wengi walikuwa wamesoma, wakaingia maofisini, hospitalini na mashuleni. Ndiyo maana leo karani wa benki anaweza kukusikia ukizungumza na simu, akakujibu kwa lafudhi ya Mji Mkongwe.

Hapo ndipo wenzetu wengine wanapoumbuka. Kijana mmoja tuliyekuwa tukikaa naye chumba kimoja Wadi Kabir alikuwa na tabia ya kuwasema watu mbele yao, akiamini Kiswahili ni kificho. Siku hiyo tuko ndani ya lifti, kaingia bibi mmoja amejifunika buibui, mnene, mtu mzima. Mwenzangu akasema, "Huyu akikanyaga, lifti inashuka yenyewe." Bibi hakugeuka. Tulipofika chini akatoka taratibu, kisha akasema bila kututazama, "Mwanangu, mama yako yu hai? Msalimie." Basi. Sijapata kuona mtu mzima akitafuta pa kujificha ndani ya lifti tupu kama vile.

Kazi yangu ndiyo imenifundisha mengi, kwa sababu fundi wa kiyoyozi anaingia mahali ambapo mgeni wa kawaida haingii. Maskati wakati wa joto hupita nyuzi 40, na kiyoyozi kikifa nyumba haikaliki, kwa hiyo tunaitwa saa zote. Siku ya kwanza msimamizi wangu, Mhindi wa Kerala aliyekaa huku tangu ujana wake, alinichukua mpaka kwenye geti la nyumba ya mteja kabla hajanifundisha habari ya gesi wala kompresa. Akabonyeza kengele, akasogea hatua mbili pembeni, akageuka akalipa geti mgongo. Akaniambia nisimame hivyohivyo. Geti likifunguliwa, macho yako yawe barabarani. Anayefungua ndiye atakayesema uingie, na ndiye atakayekuonyesha pa kupita.

Kwetu Tanga unapiga hodi huku kichwa kimeshaingia uani. Unajibiwa karibu, unamkuta mama anachambua mchele, mnaulizana hali, na hakuna aliyeona ajabu. Oman hodi ipo pia, wazee wa huku husema "hud hud" wakitaka kuingia mahali, lakini nyumba yenyewe imejengwa kwa fikra nyingine. Ukuta ni mrefu. Madirisha ya chini hayatazami njia. Majlis, sebule ya kupokelea wageni wa kiume, mara nyingi ina mlango wake karibu na geti ili mgeni aingie, akae, anywe kahawa na aondoke bila kupita penye watu wa nyumbani. Kama kiyoyozi kibovu kiko majlis, kazi ni rahisi. Kama kiko vyumba vya ndani, mwenye nyumba hutangulia akitoa sauti ili wanawake wahamie upande mwingine, nawe unamfuata ukitazama visigino vyake. Nikitaka kwenda kwenye kifaa cha nje juu ya dari, simwambii nakwenda. Namwuliza kama njia iko wazi, kwa sababu ukiwa juu ya dari unaona ua wa jirani, na jirani hakukuita.

Na kama mwanamume hayupo nyumbani, hakuna kuingia. Sheria hii ndiyo inayowashinda watu wa kwetu, kwa sababu ya Kiswahili. Mama anajibu kwenye spika ya geti, anasikia lafudhi yako, anauliza wewe mtu wa wapi, ukitaja Tanga anaanza kukutajia shangazi yake aliyeolewa Chumbageni. Mnacheka. Anakuita mwanangu. Sasa wewe unaona ungali fundi mgeni hapo? Mimi hukaa hapohapo nje nikamwambia, "Mama, nitamngoja baba au kijana." Kila mara jibu lake huonyesha kwamba ndilo alilotarajia, hakuna hata mmoja aliyeniambia ingia tu. Mwenzetu mmoja wa kampuni nyingine aliingia, kwa kuwa mama ni Mswahili mwenzake. Hakufanya baya lolote, alitoa chujio akaliosha. Mtoto wa kiume wa nyumba aliporudi akamkuta ndani, hapakuwa na ugomvi wala kelele. Kampuni ilipigiwa simu, na jamaa hakupangiwa tena kazi ya majumbani.

Niseme hapa kwamba sikubaliani na kila kitu. Jua la mchana, mtoto mgonjwa ndani, kiyoyozi kimekufa, fundi yuko nje na vifaa vyake, na tunamngoja kijana wa miaka kumi na mitano atoke shule ili nyumba iwe na mwanamume: mimi naona ni mateso. Lakini nyumba si yangu, na anayebeba lawama majirani wakisema si mimi, ni yule mama.

Kazi ikiisha, huwezi kuondoka hivihivi. Mzee akishika mkono wako akakuvuta majlis, umekwisha: utakaa. Mazulia chini, mito ukutani, miguu unaikunja ili nyayo zisimwelekee mtu. Ukikuta wengine wamekaa unatoa salamu, unaanza na wa kuliani, unampa mkono mmojammoja mpaka mwisho, hata kama wako kumi na wawili na wewe mikono inanuka gesi. Tende huja kwanza, au halua kwenye bakuli, unamega kwa vidole vitatu vya kulia, kisha unasuuza vidole kwenye bakuli la maji. Halafu kahawa.

Kahawa yao na yetu ni ndugu. Chungu, vikombe vidogo visivyo na mkono, dele la shaba. Yao ina hiliki zaidi. Tofauti iko kwa anayemimina. Mara nyingi ni kijana wa nyumba, labda mtoto wa darasa la sita, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Anakumiminia kidogo, robo au theluthi ya kikombe, na haondoki. Amesimama mbele yako. Ukimaliza anamimina tena, na tena, mpaka utikise kikombe kwa kifundo cha mkono, mara mbili tatu, ndipo anakipokea. Kwetu kwenye baraza ya kahawa utakaa na kikombe chako nusu saa mkizungumzia mpira, na muuza kahawa ana mambo yake. Kwa Mwomani ukikaa na kikombe chako ukinogewa na hadithi, kuna mtoto amesimama na dele la moto. Hatasema kitu. Baba yake hatasema kitu. Mgeni ana haki ya kukaa. Lakini watu wanaona. Mimi nanywa viwili, natikisa, mtoto anakwenda kwa anayefuata.

Kinachofuata ni udi au ubani. Oman ndiko ubani wenyewe unakotoka, miti yake iko Dhofar, kusini, na watu hubishana kuhusu daraja zake kama sisi tunavyobishana kuhusu mchele wa Kyela na wa Kahama. Chetezo hupitishwa, unakipepea kifuani, wenye kanzu hukiweka chini ya kanzu moshi upande. Pwani ya kwetu udi ukifukizwa ndiyo kwanza shughuli imenoga, watu wanajikalia vizuri. Huku chetezo kikishapita, mgeni anaaga. Hakuna anayefukuzwa. Ni kwamba mwenyeji amekupa cha mwisho alichonacho cha kumpa mgeni, na kuendelea kukaa ni kumwacha hana la kufanya. Niliambiwa hili na dereva wetu Mbaluchi kabla sijaliona kwa macho, na nilipoliona nilishukuru, kwa sababu mwili wangu wote ulikuwa unataka kukaa zaidi.

Salamu nazo. Hapa tunafanana hasa, na bado kuna shimo katikati ya njia. Waomani wa bara yao, Nizwa, Ibra na huko, wana utaratibu wa kuulizana habari ambao Mswahili ataufurahia. Mgeni akifika, anaulizwa habari, anajibu hakuna habari, kheri tu. Anaulizwa tena, kheri tu. Hata kama amekuja kutoa taarifa ya msiba, kwanza ni kheri, kisha jambo lenyewe linatoka polepole baadaye. Ni kama sisi tunavyosema "salama kabisa" kabla ya kusema "ila mzee ametutoka." Shimo ni hili: kwetu ukikutana na rafiki lazima umwulize mkewe. "Shemeji hajambo? Mama watoto je?" Usipouliza una kinyongo. Mwomani wa kiume humwulizi habari za mkewe, na jina lake hulitaji hata kama unalijua kwa kuwa liko kwenye fomu ya kazi. Unauliza nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, wazazi wazima. Ndani ya "nyumbani" mke yumo, na yeye anajua umemwulizia. Wale waliozaliwa Unguja hulegeza kidogo, wengine watakuuliza wao shemeji yuko vipi. Hata hapo mimi namwachia yeye aanze.

Upande wa ibada nilikuja na hofu isiyo na sababu. Waomani wengi ni Ibadhi, madhehebu ya Kiislamu yasiyo ya Sunni wala ya Shia. Wakisali hawafungi mikono kifuani, wanaiachia ubavuni, na imamu akimaliza Fatiha hawaitikii Amin kwa sauti. Mimi Shafii wa Tanga, Amin yetu inatikisa bati. Nilidhani itabidi niige. Nikaona msikitini Masunni, Mashia na Maibadhi wamejipanga safu moja nyuma ya imamu mmoja, kila mtu na mikono yake, na hakuna anayemtazama mwenzake. Nikaendelea kufunga mikono, na Amin naisema kimoyomoyo. Hakuna aliyewahi kunigusa bega.

Ndiyo maana ile methali ya ukifika kwa wenye chongo fumba jicho lako siipendi sana. Inamwambia mgeni aigize. Waomani hawakutaka niigize. Nimewaona hata wakimcheka kwa siri jamaa wa kwetu aliyenunua kanzu ya Kiomani yenye kishada shingoni, kofia ghali, kilemba juu, akawa anazunguka nacho Mutrah Ijumaa. Hakuna aliyekasirika. Ila hakuna aliyemwona kuwa Mwomani pia, na kila aliyemsalimu kwa Kiarabu alibaki kusubiri jibu.

Kumbuka pia kwamba mgeni huku si kitu cha ajabu. Katika kila watu watano wanaoishi Oman, karibu wawili ni wageni: Wahindi, Wabangladeshi, Wapakistani, Wafilipino, Wamisri, na sisi. Mwenzangu wa chumba wa mwisho, kabla mke wangu hajaja, ni Mlutheri wa Moshi, fundi bomba. Anasali Ruwi, kwenye uwanja wa makanisa uliojengwa juu ya ardhi iliyotolewa na Sultan, na ibada kubwa ni Ijumaa kwa sababu mapumziko ya wiki tangu Mei 2013 ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili yuko kazini. Alipomweleza mama yake kwa simu kwamba anakwenda kanisani Ijumaa, mama alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama amesilimu. Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Mwezi wa Ramadhani yeye hali wala hanywi mbele za watu mchana, si kwa hiari tu, sheria inakataza na kuna kifungo. Maji anakunywa chumbani au mahali pa ndani palipotengwa. Kinachonivutia kwake ni kwamba halalamiki, na pia hafungi ili aonekane. Jua likizama tunakaa pamoja kwenye mkeka wa futari inayotandikwa nje ya msikiti, wali na nyama kwenye sinia, tende, laban yaani maziwa ya mtindi, na hakuna anayemwuliza dini yake. Anakula upande wake wa sinia kwa mkono wa kulia. Hilo alitoka nalo kwao, nilimkuta analijua.

Jambo lililowahi kutupa taabu kwelikweli, sisi Watanzania wa hapa, ni michango. Mtu wa kwetu ugenini anajulikana kwa michango. Msiba umetokea, kundi la WhatsApp linafunguliwa, orodha inaanza, jina na rial, jina na rial, usiku mmoja fedha ya kusafirisha mwili imepatikana. Hatuwazi kwamba kuna ubaya. Kwa sheria ya Oman kukusanya fedha kutoka kwa watu bila kibali ni kosa, hata kama ni ya msiba, hata kama kila senti inafika. Wenyeji wanaifahamu sheria hiyo vizuri na wana vyama vya hisani vyenye ruhusa. Sisi tuliona kuchangiana si kuchangisha, ni undugu. Ofisa wa polisi haoni undugu, anaona namba ya akaunti ya mtu binafsi inaingia fedha za watu mia. Sasa msiba ukitokea tunakwenda kwanza ubalozini, na kampuni ya marehemu inakumbushwa wajibu wake wa kumrudisha kwao. Anayetaka kumsaidia mfiwa anamwendea mwenyewe, mkono kwa mkono. Inachukua muda zaidi na kuna watu wanakasirika. Binafsi naona tulipaswa kuuliza mapema. Hili halikuwa jambo la kulijua kwa kutazama nyuso za watu, lilikuwa limeandikwa.

Matusi nayo yako kwenye fungu hilo. Nyumbani dereva akikukatiza njia unamtolea maneno, naye anakurudishia, mnaachana. Hapa neno la kashfa, ishara ya mkono, hata ujumbe wa simu, ni kesi. Nguo za ndani na mashuka kwenye baraza inayotazama barabara, manispaa ya Maskati haitaki. Haya hayachoshi kuyafuata. Unaambiwa mara moja unashika.

Siku za mapumziko tunatoka mjini. Safari moja tulikwenda Misfat al Abriyeen, kijiji kilichobandikwa kwenye mlima, nyumba za mawe na udongo, mitende imeshuka ngazi kwa ngazi. Kwenye njia ya kuingilia kuna kibao kinachowaomba wageni wavae nguo za heshima. Katikati ya kijiji unapita falaj, mfereji wa maji ambao watu wa huku wamekuwa wakiujenga tangu zamani sana. Mitano ya Oman, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maji yalikuwa ya baridi na tulikuwa tumetembea. Mmoja wetu alishavua viatu akitafuta pa kutumbukiza miguu, juu kabisa, pale maji yanapoingilia.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kivulini na fimbo. Hakupaza sauti. Alitwambia, kwa Kiswahili cha kukwaruza alichokipata Bujumbura, tushuke kidogo. Akatuonyesha kwa fimbo. Hapa juu ni ya kunywa. Pale msikitini ni ya udhu. Chini ya msikiti wanaoga wanaume, mbele zaidi wanawake, pembeni wanafua. Yakishapita huko ndiyo yanaingia mashambani, na kila shamba lina saa zake, siku hizi wanatazama saa ya mkononi, zamani mchana walipima kivuli cha kijiti na usiku nyota. Mwenye zamu akichelewa zamu haimngojei. Kisha akasema kitu ambacho sikitaki nikisahau: maji haya haya, miguu yako ikiyaingia hapa inaingia kwenye mtungi wa mtu, ikiingia kule chini inaingia kwenye mtende, na mtende haujali. Rafiki yetu akavaa viatu, tukateremka, tukaosha miguu mahali pake, na mzee akaendelea kukaa.

Nimeacha jambo zito mwisho kwa sababu sijui kulifupisha. Anayetoka Tanzania kuja Oman anakuja na historia, na mwenyeji anayo yake, na ni historia ile ile. Mimi nimesoma shule ya msingi karibu na Pangani, misafara ya watumwa ilikuwa inaishia pale kabla ya kuvushwa Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Haya nayajua na sitayasahau ili nipewe kahawa. Upande wa pili, kuna majlis nimekaa ambamo picha ya ukutani ni ya nyumba ya Unguja ambayo familia iliiacha Januari 1964 na nguo za mwilini, na baadhi ya waliokuwamo hawakuivuka siku ile. Kijana wa bara aliyeingia hapo akaanza kusifia Mapinduzi kama anasifia timu yake ya mpira hajui yuko wapi. Na Mwomani anayemwambia fundi wa Tanga kwamba wao ndio waliotustaarabisha, naye hajui anasema na nani. Nimekutana na wa namna zote mbili.

Mimi sianzishi. Nikiulizwa, najibu. Mzee mmoja ambaye nimemtengenezea viyoyozi kwa miaka aliniuliza siku moja, bila ukali, shule za kwetu zinafundisha nini kuhusu mwaka ule. Nikamweleza nilichofundishwa, bila kupunguza wala kuongeza: ukoloni, mashamba, tabaka, utumwa uliotangulia. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza ya kwake, ya baba yake na duka lao la Mkunazini. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Akaniongezea tende. Tangu hapo hajaligusa tena jambo hilo, nami sijaligusa.

Wapo mabosi wanaotumia neno desturi kama kifuniko. Utasikia kwamba kukaa na pasipoti ya mfanyakazi ni desturi ya huku. Si desturi, serikali ilishakataza zamani. Utaambiwa fundi wa kweli hupanda juu ya dari saa saba mchana mwezi wa Julai. Juni mpaka Agosti kazi za nje zinasimamishwa kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, ni kanuni, na Mwomani mwenyewe saa hizo yuko ndani amefunga mapazia. Tangu Januari 2021 mkataba ukiisha unaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ruhusa ya wa zamani. Nayajua haya kwa sababu niliyauliza kwa Waomani, na walionieleza kwa bidii zaidi ni wale wale wanaonifundisha kutikisa kikombe.

Mshahara ulipofika kiwango kinachoruhusu kuleta familia, mke wangu akaja. Haukupita muda tukaalikwa harusi ya familia moja ya Seeb. Akdi ilikuwa msikitini baada ya Isha. Bwana harusi na jambia kiunoni, halua imejaa masinia, kahawa inazunguka, khutba, dua, udi, na kabla sijazoea kukaa watu wameshaanza kuaga. Nikarudi nyumbani mapema, nikamngoja mke wangu aliyekuwa ukumbi wa wanawake. Alichukuliwa simu mlangoni na kupewa kadi yenye namba, kama wote, ili picha za wanawake waliojipamba zisitoke nje. Saa saba usiku gari likamshusha, viatu mkononi, sauti imekauka kwa kuimba. Alichoniambia ni kwamba walipigiwa taarab mpaka akasahau yuko nchi gani, na kwamba mama wa bwana harusi anajua kutunza. Nikamwuliza bibi harusi alikuwaje, alivaa nini, waliimba zipi. Akaweka viatu chini, akanitazama, akasema, "Ya wanawake hayo, baba fulani. Wewe si ulikunywa kahawa yako?"